Riwaya Fuasi na Msomaji Wake: Uhura, Nyota na Suala la Umiliki wa Hadithi

Utangulizi

Riwaya pendwa ya Kiswahili imekwisha kupata wahakiki wake. Bwana Msa wa Muhammad Said Abdulla, Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa wametajwa katika tasnifu na katika kumbi za mihadhara, na ubishi wa kale kuhusu iwapo riwaya hizo ni fasihi au ni burudani tu umepungua makali. Kuna hata hivyo utanzu jirani ambao ni nadra kuguswa. Nao ni ule wa riwaya inayoandikwa ili kufuata filamu au mfululizo wa televisheni, ikiwatumia wahusika ambao mwandishi wake hakuwabuni wala hawamiliki. Makala haya yanauita riwaya fuasi. Istilahi hii haina ukongwe wowote na msomaji yu huru kuikataa, mradi alete iliyo bora.

Wasomaji wa riwaya fuasi wapo hapa kwetu, ingawa si kwa Kiswahili. Makala yanaegemea maoni ya mmoja wao, mwanamke mwenye umri wa miaka hamsini na ushei, mkazi wa Ruiru, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiuza vitabu vya mitumba mjini Thika. Wateja humwita Mama tu, na hapa hatahitaji jina jingine. Biashara yake hutegemea vitabu teule na vya marudio. Riwaya huwekwa nyuma. Miongoni mwa hizo za nyuma kuna rafu moja ambayo haiuzwi. Ni rafu ya riwaya za Star Trek.

Kitabu Kisichofuata Kitu

Star Trek ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966. Mwaka uliofuata James Blish alianza kuvigeuza vipindi vyake kuwa hadithi fupi, na mnamo 1970 akatoa Spock Must Die!, riwaya yenye kisa kipya ambacho hakikuwa kimeonyeshwa popote. Kati ya 1974 na 1978 Alan Dean Foster aliandika majuzuu kumi yaliyotokana na vikaragosi vya mfululizo huo. Baadaye kampuni ya Pocket Books ikaingia, na kuanzia hapo riwaya zikawa mamia. Juu ya wingi huo wote kuna kanuni moja ambayo mashabiki huijua kama wajuavyo majina yao: kilichoonekana kwenye skrini ndicho rasmi, kilichoandikwa kitabuni si rasmi. Mwandishi wa riwaya fuasi anaweza kumwoza mhusika, kumwua ndugu yake au kumpa utoto wenye majonzi, na mwandishi wa filamu itakayofuata asilazimike kuyajua hayo.

Kanuni hiyo humchukulia msomaji kuwa ametoka kwenye skrini akaenda kitabuni. Msomaji wa Ruiru alikwenda kinyume. Mnamo 1991 alinunua, ndani ya furushi la vitabu visivyo na majalada, nakala ya Uhura's Song, riwaya ya Janet Kagan iliyotolewa mwaka 1985. Hakuwa amepata kuiona Star Trek. Hakujua kwamba kuna mfululizo, wala kwamba nahodha na daktari na yule ofisa mwenye masikio yaliyochongoka walikuwa wamezeeka kwenye televisheni za watu wengine. Kwake yeye riwaya hiyo haikufuata chochote.

Hans Robert Jauss, katika nadharia yake ya upokezi, alisisitiza kuwa kila msomaji huijia kazi akiwa na upeo wa matarajio uliojengwa na kazi alizozisoma awali. Nakala ya Mama inauonyesha upeo huo kwa wino. Katika kurasa za mwanzo, kila mahali palipochapwa jina Uhura, herufi ya mwisho imefutwa na juu yake ikaandikwa u. Alidhani ni kosa la mpiga chapa. Alikuwa amesoma shule za msingi na upili katika nchi ambayo neno uhuru huandikwa juu ya bustani, barabara na viwanja; hakuwa na sababu ya kudhani kwamba kuna mtu angeliandika vingine kwa makusudi. Masahihisho yanaendelea kwa kurasa thelathini hivi, kisha yanakoma. Alipoulizwa sababu alieleza kwamba kufikia hapo alikwisha kumzoea huyo bibi, na mtu uliyemzoea humsahihishi jina.

Jina

Masahihisho yale yanastahili kuangaliwa kiisimu, kwa kuwa msomaji alikuwa na haki. Neno uhuru lina mzizi -huru, wenye asili ya Kiarabu, na kiambishi u- cha nomino dhahania. Mabadiliko ya irabu ya mwisho kutoka u hadi a hayana kazi katika sarufi ya Kiswahili. Kiswahili hakitofautishi mke na mume kwa irabu. Nichelle Nichols, mwigizaji aliyemchukua mhusika huyo, ameeleza katika kumbukumbu zake za mwaka 1994 kwamba alikwenda kwenye usaili akiwa na kitabu cha Robert Ruark chenye jina Uhuru, na kwamba mbunifu wa mfululizo, Gene Roddenberry, alilipenda neno hilo lakini likalainishwa ili lifae kuwa jina la mwanamke. Kulainisha huko kulifuata masikio ya lugha za Ulaya, ambamo a ya mwisho huashiria uke. Kwa sadfa, Kiarabu nacho kina hurra, yaani mwanamke aliye huru, kwa hiyo waliokosea kwa kanuni za Kiswahili waliangukia karibu na kanuni za lugha iliyokopesha. Ni sadfa tu. Asije mtu akaijengea nadharia.

Kwa upande mwingine, chombo halisi cha angani kilibakiziwa u yake. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya kujitawala, setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei zitokazo angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Iliitwa Uhuru, kwa heshima ya siku hiyo na ya nchi iliyoipokea. Mama aliposimuliwa habari hii alinyamaza kidogo, kisha akauliza ni kwa nini hakuna riwaya ya Kiswahili inayoanzia pale Malindi.

Jina la kwanza la Uhura ndilo linalotia nguvu hoja kuhusu riwaya fuasi. Katika mfululizo wa miaka ya 1960 hakuwa na jina hilo; alikuwa Uhura tu. Mnamo 1982 William Rotsler alichapisha Star Trek II Biographies, kitabu fuasi cha wasifu wa wahusika, na humo akamwita Nyota. Kwa kanuni iliyotajwa, jina hilo halikuwa rasmi. Lilisafiri kutoka kitabu hadi kitabu na kinywani mwa mashabiki kwa miaka 27, hadi filamu ya mwaka 2009 ilipomfanya Spock alitamke mbele ya hadhira. Hikaru, jina la kwanza la Sulu, lilipita njia hiyo hiyo: lilitolewa na Vonda McIntyre katika riwaya ya The Entropy Effect mwaka 1981, likaingia filamuni mwaka 1991. Anayeshikilia kwamba riwaya fuasi ni kivuli cha filamu hana budi kueleza ilikuwaje kivuli kikatangulia mwili.

Msomaji wa Ruiru analipenda jina Nyota kuliko anavyolipenda Uhura, na sababu yake ni ya Kiswahili. Msomaji wa Kiingereza huona katika Nyota kimulimuli cha angani tu, kinachofaa hadithi ya vyombo vya anga. Mswahili husikia zaidi ya hapo. Nyota ni bahati ya mtu, ni kile apigaji falaki anachokitazama, ni nyota ya jaha. Mtu huweza kung'arishiwa nyota yake, na huweza kuibiwa. Kwa tafsiri hii jina la mhusika lina ubashiri ambao hakuna dalili kuwa Rotsler aliukusudia. Wolfgang Iser angesema msomaji amejaza pengo. Yamkini ni sahihi zaidi kusema kwamba pengo halikuwako hadi kitabu kilipofika Thika.

Lugha Inayosikika Angani

Kiswahili kilisikika katika Star Trek tangu usiku wa kwanza. Katika kipindi kilichoonyeshwa siku ile ya Septemba 1966, kiumbe mwenye uwezo wa kujigeuza anamjia Uhura katika sura ya mwanamume Mwafrika na kumsemesha kwa Kiswahili. Mwaka 1967, katika kipindi kingine, mashine inaifuta kumbukumbu ya Uhura, na wakati anapofundishwa upya kusoma Kiingereza anaghadhibika na kusema kwa Kiswahili. Watayarishaji huenda walitaka ladha tu. Hata hivyo wazo lililomo ni zito: vilivyofutwa vimefutwa, lugha ya kwanza imebaki. Wiki iliyofuata mhusika alikuwa amepona na jambo hilo halikuzungumzwa tena. Hapa ndipo Mama anapoitetea riwaya fuasi kwa nguvu zaidi. Televisheni, asema, haina muda wa kurudi nyuma. Kitabu kina muda. Katika mfululizo mpya ulioanza mwaka 2022, ambamo Uhura anachezwa na Celia Rose Gooding, mhusika anatajwa waziwazi kuwa mtoto wa Kenya anayezungumza lugha 37. Msomaji wetu aliipokea habari hiyo kwa furaha iliyochanganyika na uchungu, maana Ukenya huo umekuja kwa sentensi chache mezani pa nahodha, naye angetaka sura nzima.

Hapana budi kutaja mfano wa upande wa pili. Katika filamu ya Star Wars ya mwaka 1983, Return of the Jedi, yumo rubani msaidizi aitwaye Nien Nunb, kiumbe mwenye mashavu yaliyoning'inia, ambaye sauti yake ilitolewa na Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa akisoma Marekani. Anachosema kinasikika kuwa Kikuyu. Watazamaji wa Ulaya na Marekani walisikia mlio wa kigeni. Mtu wa Thika au Ruiru husikia lugha ya sokoni. Mama alicheka alipoisikia mara ya kwanza, na watu wote kibandani walicheka, baadaye ikamkera. Kiswahili kimepewa mhusika mwenye cheo na jina lenye maana, ilhali Kikuyu kimefanywa kelele ya asiyekuwa binadamu. Katika hali zote mbili, aliyechagua hakutarajia kwamba sisi tungekuwa tumeketi ukumbini. Hoja hii ya Mama ndiyo nzito kuliko zote alizotoa, ingawa yeye aliitoa kwa kupitia tu akitafuta chenji.

Kibanda cha video kinaleta pia suala ambalo Mama hakubaliani nalo. Katika vibanda vya Ruiru na Thika, kama kwingineko nchini, filamu za kigeni zimezoeleka zikiwa na masimulizi ya DJ Afro, anayeifasiri, kuikejeli na kuiongezea kwa Kiswahili kilichochanganywa na Sheng. Tanzania ilikuwa na Lufufu katika kazi kama hiyo. Mama huyaona masimulizi hayo kuwa uharibifu: wahusika hupachikwa majina ya mtaani na kisa hukatwa panapotakiwa mzaha. Ni vigumu kumuunga mkono. Msimulizi wa kibandani anawachukua wahusika wasio wake, anawapa maneno ambayo mwenyewe hakuyaandika, na hadhira inamfuata yeye kuliko filamu. Hiyo ndiyo kazi ya mwandishi wa riwaya fuasi, ila imefanywa kwa mdomo. Kama fasihi fuasi ya Kiswahili ipo, basi imo kibandani kabla ya kuwamo rafuni, na mtaalamu wa fasihi simulizi atakayekwenda kuirekodi hatarudi mikono mitupu.

Abunuwasi na Mwenye Mali

Dhidi ya kanuni ya kilicho rasmi na kisicho rasmi, Mama ana hoja anayoipenda. Nani, auliza, aliwahi kusema ni hadithi ipi ya Abunuwasi iliyo rasmi? Sungura na Fisi wamesimuliwa na kila bibi wa kila kijiji, na hakuna aliyesimama kusema kwamba usiku ule Fisi hakuanguka kisimani. Fumo Liyongo ana utendi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, lakini ana pia masimulizi mengine yasiyolingana nao kila kipengele, na Liyongo hajapungua. Kwa hiyo, kwa maoni yake, riwaya fuasi si uzao wa biashara za Marekani bali ni jambo tulilolijua kabla yao.

Hoja hii inavutia, na wengi wataipokea kwa haraka kwa sababu inatupa sifa. Ina ufa. Anayesimulia kisa kipya cha Abunuwasi haombi ruhusa na halipi kitu. Hakuna ofisi inayoweza kumwambia kwamba Abunuwasi wake si halali. Mwandishi wa riwaya ya Star Trek huandika kwa idhini ya mwenye mali, na hadithi yake ikishachapwa huwa mali ya huyo huyo. Bwana Msa naye hayuko upande wa Abunuwasi: kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale hadi Mwana wa Yungi Hulewa alibaki mkononi mwa mwandishi mmoja. Ufanano kati ya masimulizi ya jadi na riwaya fuasi uko katika ufundi wa kutunga. Katika umiliki hakuna ufanano, na kuyachanganya mawili hayo ni kumsaidia mwenye mali avae kanzu ya babu.

Linabaki swali la bunilizi ya kisayansi ya Kiswahili yenyewe. Katama Mkangi, aliyefariki mwaka 2004, alimrusha Dzombo angani katika Walenisi mwaka 1995 na kumshusha kwenye sayari ambayo jina lake linafumbuka kuwa wale ni sisi. Wanuri Kahiu alitoa filamu fupi ya Pumzi mwaka 2009, yenye jina la Kiswahili na dunia iliyokauka maji. Dunia zote mbili zina nafasi ya kutosha kwa waandishi wa pili na wa tatu. Mama anayo Walenisi dukani, nayo hununuliwa na wanafunzi wa vyuo vya Juja na Kahawa wanaoihitaji kwa mtihani. Hajamwona aliyerudi kuuliza yaliyompata Dzombo baadaye.

Madaftari Matano

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Mama alianza kuitafsiri Uhura's Song kwa Kiswahili, kwa kalamu, ndani ya madaftari ya shule. Alifanya hivyo kwa ajili ya binti yake, ambaye mwalimu mmoja alikuwa amemwambia kwamba hadithi za anga haziwezi kuandikwa kwa Kiswahili kwa kuwa lugha haina maneno. Tafsiri hiyo haikukusudiwa kuchapishwa, na isingeweza: Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kama sheria za kwingineko, humwachia mwenye kazi haki ya kuruhusu tafsiri. Madaftari hayo yamesomwa na watu wawili. Mambo yaliyomo yanawahusu wanafunzi wa tafsiri wote.

Msamiati haukuwa tatizo lililotarajiwa. Kiingereza cha Star Trek kimekopa maneno yake ya angani kutoka baharini, na Kiswahili kina bahari yake. Nahodha alikuwa tayari. Rubani alikuwa tayari, na alikwisha kuhama mara moja, kutoka jahazini hadi kwenye ndege, hivyo safari ya pili haikumsumbua. Sukani, nanga, omo na tezi vilipanda angani bila kulalamika. Mwanamke wa bara, ambaye hajapata kupanda jahazi, aliyapata maneno hayo katika vitabu vya shule na kuyatumia mahali ambapo Mwingereza hutumia yake. Kazi ya Uhura ya kufungua masafa ili kukisemesha chombo kigeni aliitafsiri kwa neno moja: kupiga hodi. Ni tafsiri nzuri kuliko asilia, maana hodi hungoja karibu, na chombo kisichoitika kinakuwa kimevunja adabu kabla ya kuvunja amani. Palipomshinda ni mwendo wa kupita kasi ya mwanga. Alijaribu kukunja anga, akaiacha kwa sababu masikio ya msomaji yangesikia kukunja jamvi na kudhani kikao kimekwisha.

Ngeli nazo zilimpa kazi. Daktari Evan Wilson katika riwaya hiyo ni mwanamke mwenye jina ambalo Waingereza hulitarajia kwa mwanamume, na viwakilishi vya Kiingereza huweka jambo wazi mara moja. Kiswahili kinasema alikuja, akasema, akacheka. Katika daftari la kwanza ameandikwa daktari wa kike kila ukurasa. Kuanzia la pili sifa hiyo imeachwa, na binti, inasemekana, alifika katikati ya kisa ndipo akagundua.

Tatizo lenyewe lilikuja na nyimbo. Kisa cha Kagan kinasimama juu ya fasihi simulizi. Tauni imeikumba sayari ya watu wenye umbo la paka, ambao wazee wao waliondoka kwenye sayari ya asili na hawapendi kuitaja. Uhura aliwahi kubadilishana nyimbo na rafiki yake wa jamii hiyo, na ndani ya nyimbo hizo za kale imo njia ya kurudi kwenye asili, ambako dawa huenda ikapatikana. Wimbo ndio ramani. Mama alitaka ramani hiyo iwe utenzi: mishororo minne, mizani nane, kina cha ubeti na bahari yake. Aliandika beti sita. Aliposoma upya aliona kwamba ili kupata kina alikuwa amebadilisha maelezo, na maelezo ndiyo yanayoelekeza chombo. Kwa utenzi wake Uhura angefika kwingine, na wagonjwa wangekufa.

Aliambiwa na mteja mmoja, mwanafunzi wa Kiswahili, kwamba angeweza kuandika shairi huru, kama alivyofanya Kezilahabi katika Kichomi mwaka 1974, bila vina na bila mizani. Alilifikiria. Jibu lake lilikuwa kwamba wimbo uliodumu vizazi vingi katika kumbukumbu za watu waliokatazwa kuuimba ulidumu kwa sababu ulikuwa na kitu cha kuushika, na kwamba asiyeamini ajaribu kukariri gazeti. Mjadala wa wanamapokeo na wanamabadiliko umetumia karatasi nyingi na ni mara chache umeulizwa swali kwa namna hiyo. Kwa upande wa nadharia jibu la Mama linaweza kupingwa, kwani mashairi huru yana takriri na mapigo yake, na hukaririwa. Kwa mahitaji ya kisa hiki, ambamo neno moja likipotea safari imepotea, si rahisi kulipuuza.

Katika daftari la tano, mahali pa wimbo wa kwanza, pameachwa nusu ukurasa mtupu. Chini yake, kwa kalamu ya rangi nyingine, nahodha anauliza chombo kielekee wapi, na tafsiri inaendelea.